Kalamu Tatu za Mpiga Pasi

Lenzi ya kwanza kumvunjikia mkononi katika miaka kumi na moja ilivunjika Jumanne, saa nne asubuhi, kwa sababu ya sentensi moja ya mhariri. Alikuwa kwenye mashine ya kusagia, katika chumba cha nyuma cha duka la miwani, anapunguza kingo za lenzi ili iingie kwenye fremu ya mteja aliyekuwa anasubiri mbele. Simu ikatikisika. Akaisoma kwa jicho moja huku mkono unaendelea na kazi, jambo ambalo yeye mwenyewe amewagombeza wenzake kwa kulifanya, na kidole kikasukuma zaidi ya inavyotakiwa. Lenzi ikapasuka vipande viwili.

Mhariri alikuwa ameandika hivi: mpiga pasi apunguziwe ukali, ili msomaji apate kumhurumia.

Mwenye duka akachungulia mlangoni kuuliza kuna nini. Akajibiwa hakuna kitu, lakini kwa sauti iliyomfanya aone ni afadhali arudi mbele akamwombe mteja radhi.

Mwanamke huyu dukani wanamwita Fundi. Kwenye simu za watu, ambako anajulikana zaidi, anaitwa Bi Sehemu. Jina hilo alipewa na wasomaji wake. Kila akibandika sehemu ya hadithi mtandaoni, hata chai hajamaliza kunywa, wameshajaa kumuuliza: Bi Sehemu, sehemu inayofuata lini? Aliwaandikia sehemu mia moja na kumi na mbili kwa miaka mitano, jioni baada ya kazi, na hakuna aliyemtuma.

Chanzo chake kilikuwa hasira, na ni vizuri hili lisemwe mapema, mtu asije akadhani yalikuwa mapenzi ya fasihi. Kulikuwa na tamthilia kwenye televisheni, ya tajiri mmoja na jumba lake na watoto wake wanaogombania kampuni. Ndani ya jumba hilo waandishi wake walimweka mwanamke kiziwi anayepiga pasi. Kazi yake ilikuwa kuchekesha. Kengele inalia hasikii. Anasengenywa mbele ya macho yake naye anatabasamu. Shati linaungua, yeye anatikisa kichwa ndiyo, ndiyo, kwa kila anachoambiwa. Siku wakichoka kumcheka wanamsimamisha dirishani alie.

Bi Sehemu alikuwa akiitazama pamoja na dada yake. Dada ni mkubwa kwake kwa miaka sita, ni fundi viatu, na ni kiziwi tangu utotoni. Wanaishi wawili katika nyumba waliyoachiwa na wazazi. Siku ile ya shati, dada aliinuka katikati ya kipindi akaenda kuosha vyombo, na kwa kuwa hasikii kelele anazozifanya, masufuria yaligongana mpaka jirani akapiga ukuta. Mdogo mtu akazima televisheni, akashika simu, akaandika ukurasa mmoja ambamo mpiga pasi yule yule anailaza pasi ya moto juu ya koti la tajiri, makusudi, huku anamtazama usoni. Akaubandika. Kesho yake wasomaji mia nne walikuwa wanataka kujua tajiri alifanya nini.

Basi akashikwa na kazi. Mpiga pasi wa Bi Sehemu hakulia dirishani. Alikuwa na utani wa pilipili, na mikono inayotukana vizuri kuliko midomo ya watu wengi. Shingoni alitundika daftari kwa kamba ya kiatu, na yeyote aliyemsemesha kwa kupanua mdomo kama anamlisha mtoto alikabidhiwa penseli aandike. Alisoma midomo ya watoto wa tajiri kutoka ng'ambo ya barabara, kupitia vioo viwili, akajua njama zote. Wasomaji walimpenda kupita kiasi. Dada peke yake ndiye ambaye hakusoma. Alisema mwanamke yule wa pasi alishamkinai kwenye televisheni, hana haja ya kumkuta tena kwenye simu. Mdogo wake hakumlazimisha.

Kisha ikaja barua ya kampuni ya vitabu. Mhariri wao alikuwa ameisoma hadithi yote na alitaka iwe riwaya. Ila tatizo liko wazi, alisema: jumba si lako, tajiri si wako, mpiga pasi mwenyewe ana wenyewe. Ondoa kila kilicho cha tamthilia, weka chako, ndipo tuchapishe. Akampa na mbinu. Achape kurasa zote, achukue kalamu mbili, apige mstari mwekundu chini ya kila alichoazima na wa kijani chini ya kila alichotunga.

Aliifanya kazi hiyo kwa wiki tatu, kwa umakini ule ule wa lenzi. Nyekundu: jumba, tajiri, kampuni, mrithi aliyepotea, jina la mpiga pasi. Vyote vikatoka. Jumba likawa duka la dobi mtaani, tajiri akawa dobi mwenye madai mengi, watoto wake wakawa wafanyakazi wanaosengenyana kwenye mvuke. Mahali alipokuwa na shaka alitia nyekundu, maana aliogopa sana kuitwa mwizi. Na kijani kilipozidi kuwa kingi kuliko chekundu, furaha ilimjaa hadi akawa anaimba peke yake mezani. Daftari na kamba ya kiatu, kijani. Kicheko cha mpiga pasi kinachoanza ghafla na kuisha ghafla, kijani. Mchumba na mama wa mchumba, sura nzima, kijani kuanzia juu hadi chini.

Halafu ndiyo mhariri anakuja kumwambia mpiga pasi apunguziwe ukali.

Hayakuishia hapo. Alipoyasoma maoni yote, kwa macho mawili sasa, alikuta mhariri anataka na utani upungue, kwa sababu siku hizi watu wakiona kicheko karibu na kiziwi wanalalamika. Tena alipendekeza mwishoni mpiga pasi afanyiwe upasuaji, asikie, ili msomaji afunge kitabu akiwa na matumaini. Bi Sehemu alihisi masikio yake mwenyewe yanawaka. Alhamisi akaomba ruhusa kazini akaenda huko huko ofisini.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili juu ya duka la karatasi, na mhariri alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyokaa upogo. Hilo nalo lilimkera. Alitamani amvue ainyooshe kwanza ndipo wagombane. Akamwambia kwamba wenye tamthilia walimfanya mwanamke huyu kichekesho, na yeye mhariri anataka kumfanya ombaomba, na kati ya hao wawili haoni aliye bora. Akamwambia kiziwi hahitaji kutibiwa ndipo kitabu kiishe. Akamwambia watu wanaruhusiwa kucheka anapochekesha yeye, hawaruhusiwi kumcheka, na msomaji asiyejua tofauti hiyo akasome kitu kingine. Mhariri alisikiliza yote. Kisha akauliza swali ambalo, kwa bahati mbaya, lilikuwa zuri.

"Kuna kiziwi yeyote aliyeusoma mswada huu?"

"Dada yangu ni kiziwi."

"Anasemaje?"

"Ameupenda," akasema Bi Sehemu, na uongo huo ulimtoka bila hata kukwama.

Mhariri akavua miwani, akaipangusa, akasema kama ni hivyo yuko tayari kufikiri upya, na angefurahi kupata maoni ya dada huyo. Bi Sehemu alirudi nyumbani na roho juu. Usimhurumie bado. Hakuwa anamtafuta dada ili ajue anasemaje. Alitaka kumtumia kama rungu, ampelekee mhariri amalize ubishi.

Dada aliupokea mswada kwa mikono miwili, akaupima uzito, akatania kwamba ungetosha soli za jozi sita. Akausoma siku nne. Aliusoma kwenye meza ya jikoni akitoka kazini, na sikioni alikuwa amechomeka penseli yake ya fedha, ile ya kuchorea ngozi nyeusi kabla ya kukata. Bi Sehemu alipita pita kama mgeni nyumbani kwake. Siku ya kwanza alimwona dada anacheka. Ya pili alimwona anapiga mistari. Ya tatu hakucheka, na ya nne, Jumapili mchana, alipiga meza kwa kiganja mara mbili. Ndivyo anavyomwita mtu.

Akamwonyesha kiti akae. Wanapozungumza hutumia lugha ya alama, na mikono ya dada ina nguvu za kuvuta ngozi kwenye kalibu, ule mguu wa mti wa kuundia kiatu; ukiitazama huwezi kujifanya hukuelewa.

"Nyekundu ni ya nani?" akauliza.

Ya watu wa tamthilia, mdogo wake akajibu.

"Na kijani?"

"Yangu."

Dada akafungua ukurasa wa daftari. Chini ya mstari wa kijani alikuwa amepiga mwingine wa fedha. Akajigusa shingoni, pale linapokaa daftari lake mwenyewe, ambalo amelivaa kwa kamba ya kiatu tangu ana miaka kumi na minne. Akafungua kicheko. Fedha. Akafungua siku mpiga pasi alipoachwa kituoni kwa sababu tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti tu na hakuna aliyemgusa bega. Fedha. Ukurasa kwa ukurasa, kila penye kijani palikuwa na fedha chini yake, isipokuwa mahali pachache, na hapo Bi Sehemu akaona aibu ya kwanza: ni pale mpiga pasi anaposoma midomo kutoka ng'ambo ya barabara.

"Haya ndiyo yako," dada akasema. "Mtu akikaa ulipokaa wewe, kwenye mwanga, akiwa hatafuni, katika maneno kumi nakamata matatu. Mengine nabahatisha. Vioo viwili. Ungenipa na mabawa."

Bi Sehemu akajitetea, na alipojitetea akapandwa na hasira, maana ndivyo alivyo. Akasema alimfanya shujaa. Akasema watu maelfu wanampenda mpiga pasi, wanamlilia, wanamwita malkia.

"Hao hawanijui," dada akasema. "Na wewe, kwa watu wa televisheni uliogopa. Kwangu hukuogopa."

Hilo lingetosha kumkata maini. Lakini dada hakuwa amemaliza. Akafungua sura ya mama wa mchumba, ile iliyopendwa kuliko zote, na kuna mstari mmoja ambao haukuwa na fedha wala haukuachwa wazi. Pembeni yake alikuwa ameweka alama ya kuuliza.

Hapa lazima turudi nyuma miaka kumi na sita. Dada alikuwa na mchumba, fundi mwenzake, na siku moja mama wa kijana alikuja kuvunja uchumba. Wazazi wote walikuwa hai, sebule imejaa, na mkalimani alikuwa mdogo mtu, mwenye miaka kumi na saba. Siku zote ndiye alikuwa mkalimani. Tangu akiwa na miaka sita alikwenda na dada yake hospitali, shuleni, dukani, benki, akawa mdomo wa mtu mwingine kabla hajajua kutumia wake. Mama yule akasema maneno yake. Binti akayasikia, akamtazama dada yake aliyekuwa anasubiri mikono yake iseme, na mikono ikasema kitu kingine. Ikasema kijana amepata kazi mbali, hajui atarudi lini, ameona si haki kukufunga. Dada akalia, akaelewa, akamsamehe yule kijana, na hata kiatu alichokuwa anamshonea akakimalizia akakituma.

Maneno yenyewe Bi Sehemu alikaa nayo miaka kumi na sita. Alipofika kwenye sura ya mama wa mchumba yalimwagika kama yalivyosemwa, na kwa kuwa yalitoka kifuani mwake aliyatia kijani. Hakukumbuka kwamba kuna mtu mmoja duniani ambaye hakuwahi kuambiwa. Wengi wanaweza kuiba maisha ya ndugu zao wakayaandika. Kosa hili la kumwambia ndugu yako habari zake kwa njia ya mswada lilihitaji mkalimani tu.

Dada akaweka kidole chini ya mstari. Uliandikwa hivi: Nyumba yangu haina nafasi ya bubu, na sitaki wajukuu wa kuonyeshana vidole.

"Hii si yangu," dada akasema. "Sikumbuki. Umeitunga?"

Angeweza kusema ndiyo. Mwandishi wa sehemu mia moja na kumi na mbili angeweza kutunga ndiyo moja. Badala yake alifanya jambo baya kuliko uongo, jambo ambalo mama yao alilipiga marufuku tangu wakiwa watoto: mkigombana, alisema mama, mtazamane. Bi Sehemu akageuza uso akatazama ukuta. Ukimfanyia hivyo mtu anayezungumza kwa mikono umemziba mdomo. Dada akapiga meza. Akapiga tena, vikombe vikaruka. Mdogo wake hakugeuka. Akabaki anatazama ukuta mpaka aliposikia mlango wa nje unabamizwa kwa nguvu ambayo mwenye kuubamiza hakuisikia.

Siku tano hawakusemeshana. Waliachiana chai kwenye chupa, waliachiana ufunguo, na daftari la shingoni halikufunguliwa. Bi Sehemu alikuwa na hasira na kila kitu. Na mama yule wa mchumba, ambaye alishakufa. Na baba yake, aliyekaa sebuleni siku ile akatazama vidole vyake vya miguu. Na wazazi wote wawili kwa kumfanya mtoto daraja kisha kushangaa akipasuka. Na mhariri, na miwani yake. Na dada pia, kwa kujua kusoma. Zilipoisha hasira za wengine ikabaki ya kwake mwenyewe, na hiyo haikuwa na mahali pa kwenda.

Ijumaa mhariri akampigia simu ya furaha. Amefikiri, amekubali: upasuaji haupo, utani unabaki, ukali unabaki. Akasema dada yako, kwa kuupenda tu mswada, ametusaidia sana. Bi Sehemu akaenda ofisini, akawekewa karatasi ya kusaini. Ameshinda kila kitu alichokigombania. Sentensi ya tatu ya karatasi ile ilisema kwamba mwandishi anathibitisha kuwa yote yaliyomo ni utunzi wake mwenyewe. Akaisoma mara tatu. Mhariri akamkabidhi kalamu. Bi Sehemu akasema ataondoka na karatasi hiyo, na alipoulizwa kuna tatizo gani alijibu kwa ukali kwamba dada yake hakuupenda mswada, hakuwahi kuupenda, na yeye alidanganya. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshasimama, akamwomba ile miwani, akainyoosha mkono mmoja wa fremu, akamrudishia.

Jumamosi mchana alimkuta dada mezani anapaka gundi. Akavuta kiti mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akakaa mbele yake, akapiga meza mara mbili. Dada akanyanyua macho.

Akamfasiria. Aliianza sebule ile upya, nani alikaa wapi, nani aliingia wa kwanza. Akamweka mama wa mchumba kulia na baba kushoto, akasema maneno ya yule mama kama yalivyokuwa, neno kwa neno, bila kulainisha, na mikono yake haikuruka hata lile neno bubu. Kisha akaonyesha alichosema yeye mahali pake. Kijana amepata kazi mbali. Akaongeza kwamba kijana hakwenda mbali popote, alikuwa mtaa wa nne. Hakuondoa macho kwa dada hata mara moja, na huo ndio ulikuwa ugumu wa kazi yote, maana alilazimika kuuona uso ule unapokea.

Gundi ikaanza kukauka kwenye brashi.

"Baba alisema nini?"

"Hakusema kitu."

"Na mama?"

"Alitaka kusema. Nilimkonyeza asiseme."

Dada akapiga meza kofi moja kubwa, si la kumwita mtu. Akainuka, akazunguka jikoni, akarudi. Akasema kiatu kile alikishona kwa siku tisa. Akasema kila akimkumbuka yule kijana alimwombea mema huko mbali, na kumbe alikuwa mtaa wa nne. Akasema mengine ambayo hayaandikwi hapa, kwa sababu ni yake, na mikono ile inatukana vizuri kweli. Mdogo wake aliyatazama yote.

Mwishowe dada akauvuta mswada, akafungua pale penye alama ya kuuliza, akaifuta kwa kidole gumba. Akapiga mstari wa fedha chini ya maneno ya yule mama, polepole, kama anayepima ngozi isiyokuwa na kipande cha pili.

"Sasa ni yangu," akasema. "Kama yatachapishwa au la, nitakwambia mimi." Akarudi nyuma kurasa nyingi, akatua kwenye vioo viwili na midomo ya ng'ambo ya barabara. "Nilijiuliza kwa nini ulimpa uchawi huu. Kitabu kizima anaelewa kila kitu peke yake. Hakuna anayemfasiria. Wewe uko wapi humu?"

Bi Sehemu akauvuta mswada, akaanza kujitafuta kwenye kurasa.

"Mweke," dada akasema. "Msichana wa miaka kumi na saba. Na huo ukali uliougombania kwa mhariri si wangu, mimi sina hasira kiasi hicho, ni wako. Mpe mwenyewe. Aseme uongo mbele ya watu wote na tumwone."

Karatasi ilirudi kwa mhariri bila saini, pamoja na barua fupi kwamba kitabu kimekosa mtu na kitachelewa mwaka mmoja. Mhariri alijibu kwa hasira, ya kwanza aliyowahi kuonyesha, na ilimpendeza kuliko upole. Bi Sehemu aliendelea kusaga lenzi mchana, na jioni aliandika mezani huku dada anashona. Kurasa kumi za mwanzo alizichapa zikiwa safi, hazina nyekundu wala kijani, akazisukuma mbele ya dada.

Dada alizisoma hadi mwisho, penseli ya fedha sikioni. Hakuitoa. Akazipanga vizuri, akamrudishia.

"Bado sijakusamehe," mikono yake ikasema. "Endelea."